Basi la Dodoma–Moro siku ya mvua: gari zuri, taarifa sifuri

Nawapa nyota mbili, moja ya siti moja ya dereva. Kampuni siitaji.

Tumetoka stendi ya Nanenane saa 12 na nusu asubuhi, mvua ilishaanza toka usiku na mimi kwa kweli mvua siilaumu, sisi watu wa Dodoma tunaisubiri toka Aprili mpaka Novemba, ndo uje ununie ikinyesha? Gari liko poa, siti mbili mbili, sehemu ya kuchajia simu inafanya kazi, dereva hakimbizi. Kibaigwa tumepita freshi. Kufika Gairo gari likasimama nyuma ya semi, tukajua ajali.

Nusu saa, saa nzima, konda tukimuuliza "tunaondoka sasa hivi". Dada mmoja ana mtoto mchanga kauliza tena, kajibiwa "kwani we peke yako ndo una haraka?" Ukweli tumekuja kuupata dirishani kwa mama muuza viazi vitamu, ety maji yamepita juu ya barabara kule Dumila na polisi wamezuia magari toka alfajiri. Toka alfajiri! Yaani sisi tunapandishwa pale stendi barabara imeshafungwa, na tiketi siku hizi za mtandao zina namba yangu ya simu, si wangetuma hata meseji moja nikarudi zangu Nzuguni kulala.

Na hii njia sio mara ya kwanza jamani. Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la Magole, hapo hapo jirani na Dumila, magari ya Dodoma na Moro yakakwama, na reli nayo ilishakatwa upande wa Kilosa na Gulwe kwenye mafuriko ya mwisho wa 2009 kuingia 2010, sasa mtu anafanya biashara ya mabasi huku halafu anakwambia mvua imemshtukiza, aende huko. Shemeji yangu yuko London anasema theluji ikizidi treni zinafutwa watu wanabaki wanakodolea ubao wa taarifa stesheni, nikamwambia nyie afadhali hata ubao mnao.

Nikapiga namba ya ofisi iliyoko kwenye tiketi, mara ya nne ndo kapokea binti, "gari lenu liko njiani dada". Najua liko njiani, nimo ndani yake!

Dereva ndo kaokoa jahazi. Kwenye saa 6 kashuka na mvua yake, kaenda kuongea na wenzake wa malori, karudi kasimama mbele katwambia maji yanapungua, magari yataruhusiwa kwa zamu, malori yatangoja, inaweza kuchukua masaa mawili mengine, na anayetaka kurudi Dodoma kuna Noah zinapakia ng'ambo. Maelezo yenyewe hata dakika mbili hayakufika. Basi zima likatulia, mpaka yule mzee aliyekuwa anatukana toka asubuhi akaanza kugawa karanga. Sasa hayo maneno konda yangemgharimu nini saa 3?

Stendi ya Msamvu, Moro, tumeingia saa 11 jioni, kikao changu cha saa 7 kilishaisha na watu wameshakula. Niko juu ya bodaboda simu ikalia, meseji kutoka kwa hao hao: asante kwa kusafiri nasi, tunaamini umefika salama na kwa wakati. Kumbe meseji wanajua kutuma.