Maswali 64 au 32 kwa wanachuo wa Tanga?
Madodoso mawili ya IIP (Inventory of Interpersonal Problems), la maswali 64 na la maswali 32, yanapima shida za mtu katika kuishi na wenzake, na majibu ni 0 hadi 4. La 32 linajazwa upesi, kabla kipindi hakijaanza, nalipenda kwa hilo. La 64 huchosha.

Hata hivyo, kwa majaribio ya kwanza ya tafsiri ya Kiswahili nachagua refu. Chukua swali la kushindwa kumkatalia mtu: mwanachuo anayekaa kwa shangazi yake Ngamiani ataona kumkubalia mkubwa ni adabu, wala si tatizo. Swali hilo likitupwa kwenye dodoso fupi, eneo lake zima la shida (kila dodoso lina maeneo manane) linabaki na maswali 3, na alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali ya eneo moja yanavyokwenda pamoja, hushuka kirahisi. Kwenye refu yanabaki 7.