Dawa ya kuibua kokoto kwenye zege: nimeijaribu uani kwangu Goba

Wadau, karibuni uani. Kabla sijaongea, kamera iende chini kwanza. Mnaziona kokoto zilivyojitokeza? Hiyo si tarazo, wala sijabandika kitu. Ni zege lile lile la kawaida, ila limeoshwa uso.

Kazi imefanywa na kopo hili. Jina nimeliziba kwa sababu hakuna aliyenilipa. Ni dawa ya maji, unaipuliza juu ya zege bichi kwa bomba lile la kupulizia mimea. Inaichelewesha saruji ya juu isigande, milimita chache tu, huku ya chini inakaza kama kawaida. Baadaye unakuja na brashi na mpira wa maji, uji wa juu unaondoka, kokoto zinabaki zimeshikwa kama meno kwenye ufizi.

Fundi alipoliona kopo akacheka: "Bosi, si ungenunua sukari tu?" Na hajakosea, sukari kweli inazuia saruji kuganda. Basi nikakigawa kibaraza vipande vitatu kwa mbao: kimoja dawa, kimoja maji ya sukari, kimoja bila kitu, tukioshe kikianza kushika. Zote tumemwaga saa moja asubuhi, unene milimita 100.

Kile cha bila kitu kilituumbua. Kwa jua hili letu unapewa muda mfupi sana: ukiosha mapema kokoto zinang'oka, ukichelewa imekula kwako. Fundi alikwenda kula ubwabwa, aliporudi uso umeshakuwa mgumu. Tukahangaika na brashi ya waya, na bado ona hapa, mabaka matupu.

Sukari je? Imefanya kazi, lakini kwa upendeleo. Palipotuama maji pamechimbika, kokoto zinacheza, palipoteremka hapakuguswa. Halafu sisimizi! Sikuwa nimewaalika.

Sasa kipande cha dawa. Hiki ndicho mlichokiona mwanzo, kimetoka sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Dawa ina rangi, kwa hiyo unaona wapi umepuliza na wapi umeruka, jambo ambalo kwa sukari hulipati. Lawama yangu ni maelezo. Kopo linasema osha baada ya saa 24. Kwa nchi ya baridi labda. Mimi nilijaribu kona moja saa kumi na mbili jioni, ikawa tayari: uji unatoka, kokoto haitikisiki. Nusu niliyoiacha mpaka kesho yake tuliisugua kwa jasho. Kwa hiyo ukiwa Dar, jaribu pembeni kila baada ya saa mbili, usisubiri kopo likuamuru. Na ukishapuliza tu, funika kwa nailoni, la sivyo jua linaikausha dawa kabla haijafanya kazi.

Lakini dawa haikupi uzuri ambao kokoto hazina. Mimi nilichukua za Lugoba, jiwe gumu, nikachagua za ukubwa unaokaribiana na kuziosha vumbi kabla ya kuchanganya. Za Kunduchi na Boko ni jiwe la chokaa, weupe wake unapendeza, ila hazistahimili asidi. Nasema hivyo kwa sababu mafundi wengi wakiona ukungu mweupe baada ya kuosha, wanakimbilia asidi. Ukiimwaga kwenye jiwe la chokaa linatoa povu, na hilo povu ndilo jiwe lako linaliwa.

Usioshe kupita kiasi pia. Theluthi moja ya kokoto ikionekana inatosha. Zaidi ya hapo gari likikata kona linazing'oa. Ukimaliza, lilinde zege na ukavu siku 7, maana watu wakishaona limependeza wanasahau kulimwagilia maji.

Vaeni gambuti na glavu, tafadhali. Maji yanayotoka hapo ni ya saruji, yanachoma ngozi. Mimi niliyaelekeza kwenye shimo. Yangeingia kwenye mchicha wa jirani tungekuwa na kesi kwa mjumbe.

Je, ununue? Kama ni njia ya gari au eneo kubwa, nunua, tena usisite, kwa sababu hakuna watu wa kutosha kuosha eneo lote kabla jua halijawazidi. Kama ni ngazi mbili za mlangoni, hifadhi hela yako, chukua maji na brashi, ila usibanduke hapo.

Iliyobaki kwenye kopo fundi kaiomba, ana kazi Kigamboni. Nimempa kwa sharti moja: ubwabwa aletewe saiti.