Mbegu za nyasi za "kivuli kizito": zimeota fasta, zimekufa fasta

Jamani hii pakiti nimekaa nayo miezi minne ndo naandika, manake mbegu ukizisifia wiki ya pili utakuja kujiaibisha. Nyota 2 kati ya 5, na hizo mbili nitasema zimetoka wapi.

Ni zile mbegu za nyasi za mchanganyiko, mbele wameandika kwa herufi kubwa ni za kivuli kizito, kuna picha ya mti mnene na chini yake zulia la kijani mpaka unatamani ujilaze. Kampuni siitaji, kwanza nimeangalia pakiti nyingine mbili tatu naona hadithi ni ileile. Mi chini ya mti wangu palikuwa kipara, udongo umeshindiliwa kama sakafu, nikasema hapa ndo penyewe. Nikakwangua na reki, nikamwaga mbegu, nikazikanyagakanyaga zishikane na udongo, nikawa namwagilia kidogokidogo asubuhi na jioni kama nalea mtoto. Siku ya saba, kijani! Nikapiga picha nikatuma kila mahali, hadi kwa shemeji ambaye hana hata kopo la maua.

Wiki ya sita zikawa nyembamba kama nywele za kichanga, zimerefuka alafu zimelala zote upande mmoja zinafuata jua. Mwezi wa tatu kipara kimerudi, vimebaki vishungi vya hapa na pale pembeni.

Ndo nikaenda kuitafuta ile pakiti stoo nikaigeuza nyuma, kitu ambacho nilitakiwa kufanya kabla ya kulipa. Maandishi madogo kweli, mpaka nikawasha tochi ya simu. Zaidi ya nusu ya mbegu ni raigrasi! Raigrasi ndo ile inaota siku 5 mpaka 10, ndo iliyonifanya nipige mapicha, lakini ni nyasi ya kupenda jua, kivulini inajikongoja tu mpaka inakata moto. Inayovumilia kivuli ni feskiu, ile yenye majani membamba kama sindano, na hiyo wameweka kiduchu, alafu yenyewe haina haraka, inaweza kuchukua wiki 2 na zaidi, sasa inapochomoza inakuta mwenzie ameshatanda. Kwa hiyo hawajadanganya kwamba kivulini zitaota, zimeota, ila kukaa ni habari nyingine.

Ila nisiwabebeshe lawama zote, mti nao una yake. Siku moja nimeshinda nyumbani nikapiga picha palepale kila baada ya lisaa, asubuhi mpaka jioni, nikijumlisha jua linalogusa ardhi halifiki hata masaa 2. Nyasi za kuvumilia kivuli zenyewe zinataka kama masaa 4 hivi, na za jua kama ukoka ndo usiseme, 6 kwenda juu. Hakuna mbegu ya kutibu hilo.

Alafu maji. Hili ndo watu wengi hatulioni, tunasema kivuli kivuli kumbe kiu. Nimemwagilia vizuri tu, baadae nikachukua bisibisi nikachoma chini, sentimita 2 za juu zimelowa, inayofuata ni vumbi. Mizizi ya mti inayonyonya maji mingi iko hukohuko juu, sentimita 30 za kwanza, yani wewe unamimina mti unakunywa, na mvua ndogo ikija majani yanaidaka hukohuko juu haifiki chini. Nyasi changa itashindana vipi na jitu la miaka yote hiyo?

Kuna fundi wa bustani akaniambia nijaze udongo mpya nene juu ya mizizi ndo nipande upya. Usifanye. Mizizi inahitaji hewa, ukiifukia na udongo mwingi unaweza kuua mti wenyewe, na ukirundika kwenye shina ndo unaliozesha kabisa. Na jembe weka mbali, utakata mizizi.

Maelekezo ya pakiti pia yamenikera, eti kata fupi uwe nadhifu. Kivulini ni kinyume, acha sentimita 7 au 8, jani ndo linakamata huo mwanga kidogo uliopo, ukilinyoa unainyima chakula.

Sasa hizo nyota mbili. Nilipunguza matawi ya chini, na pembeni kabisa ambako jua sasa linaingia masaa 4 hivi, ile feskiu kidogo imeshika na ni laini kweli, nimejikuta natembea peku. Nyota moja hiyo. Ya pili ni kwamba angalau wameandika nyuma kilichomo.

Karibu na shina nimeacha kulazimisha nyasi. Nimeweka mondo, ile kama nyasi ya kijani iliyoiva lakini si nyasi, na makangaga, na yale majani marefu yenye mstari mweupe yanayotoa vitoto vinavyoning'inia. Miche midogo, nachimba na koleo la mkono kwenye nafasi kati ya mizizi, alafu matandazo ya majani makavu sentimita 5 hivi, yasiguse shina. Mondo inakua taratibu mpaka inaudhi, ila haijafa hata mmoja. Nyie wa sehemu za joto hata msihangaike na hizi pakiti, raigrasi na feskiu ni za baridi, tafuteni nyasi ya majani mapana ya kupanda kwa vipande, Axonopus au Stenotaphrum, zinavumilia kivuli kuliko ukoka.

Mbegu zimebaki nusu pakiti. Nitazimwaga nyuma ya tanki la maji, kule jua linawaka kutwa nzima.