Vijana wa kanisa wasafiri kujenga, au watume pesa?

Kimbunga Mitch kilipoipiga Honduras mwaka 1998, vikundi vya makanisa ya Amerika Kaskazini vilifunga safari kwenda kujenga nyumba. Nyingine zilijengwa na Wahondurasi wenyewe. Mtafiti Kurt Ver Beek alizilinganisha: kikundi kimoja kilitumia wastani wa dola 30,000 hivi, nauli zikiwemo, kwa nyumba ambayo wenyeji wangeisimamisha kwa dola 2,000. Na familia zilizohamia humo? Hakuona tofauti ya maana katika maisha yao.

Safari humfungua kijana macho, na hilo silidharau hata kidogo. Lakini kama shida ni makazi, mimi ningetuma pesa: fundi wa huko apate ujira, saruji inunuliwe hukohuko, nyumba ziongezeke. Vijana wakienda, waende kusalimia na kujifunza; mwiko wamwachie fundi.