TAHADHARI: "Pea safi" ya kidimu na vipara wanaouzwa kama "kidimu spesheli"

Wafugaji wa Mombasa, kuna muuzaji wa kuku wa mapambo anayezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Banda lake halionyeshi. Hukutana na mteja stendi au pale Likoni feri, kuku wamo ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba, na pesa azitaka kabla kamba haijafunguliwa.

Anachouza zaidi ni jimbi kidimu na koo kidimu, yaani kuku wa manyoya yaliyopinduka, eti "pea safi". Picha anazotuma ni za kweli na kuku wanapendeza. Ubaya uko kwenye kuwapandisha hao wawili.

Ukidimu unaletwa na jeni moja. Kuku aliyeirithi kwa mzazi mmoja manyoya yake hupinduka kuelekea kichwani, basi. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama, uti wa unyoya huwa dhaifu, hujisokota kama maranda ya seremala na kukatika kila akijisugua. Mwisho mgongo, mapaja na mabawa hubaki ngozi tupu, na huyo ndiye kipara. Pea ya kidimu wawili, katika vifaranga 12, wastani ni 3 wa aina hiyo, 6 kidimu na 3 wenye manyoya yaliyolala. Ni wastani tu: mtotoleo mmoja unaweza kukosa kipara hata mmoja, na hapo ndipo muuzaji anapokuambia "si unaona?"

Vipara nao hawatupi. Huwaita "kidimu spesheli", bei juu, na ukiuliza mbona wako uchi hujibu kuwa wanabadilisha manyoya. Mshike kuku umpapase mgongoni. Anayebadilisha manyoya ana vijiti vipya vilivyo ndani ya ala, na vimeota kwa mpangilio mmoja pande zote mbili. Kipara ana visiki vikavu vilivyokatikia juu ya ngozi, huku na kule, na bawa ukilikunjua utaona manyoya marefu yamebaki nyuti tupu. Fungua pia manyoya ya karibu na mkundu: mayai ya chawa yakiwa yameganda kwenye mashina, hilo ni tatizo jingine, na lina dawa.

Vifaranga vya siku moja vya "kidimu" usinunue kabisa. Malaika ya kifaranga kidimu hayana tofauti na ya mwenzake. Ukidimu huanza kuonekana manyoya ya bawa yanapochomoza na kupinda nje, kwa hiyo vikifika wiki tatu ndipo uchague.

La kuudhi zaidi: koo mwenye manyoya yaliyolala, ndugu wa kidimu, humtoa kwa bei ya kitoweo akisema "huyo si safi". Kumbe huyo ndiye wa kumpandishia jimbi kidimu! Nusu ya vifaranga watatoka kidimu, nusu kawaida, na kipara hayupo. Ila mchunguze vizuri shingoni na mabawani. Wako kuku wenye jeni nyingine inayopunguza mkunjo, ukimtazama mbali utadhani wa kawaida, kumbe ncha za manyoya ya shingo zimepinda kidogo. Huyo mhesabu kuwa kidimu.

Husema pia kwamba kipara akipandwa na kuku wa kawaida hutoa kidimu watupu. Hapo hajadanganya. Asichosema ni kwamba mnyama mwenyewe anateseka: joto la mwili linapotea usiku, anakula sana na hanenepi, na koo kipara akipandwa na jimbi mzito huchanwa ngozi ya mgongo. Kumfuga kwa makusudi ili atotoe, sisi hatulipendekezi.

Aliyekwisha uziwa kipara amtenge na majimbi. Mpe kivuli, kwa sababu jua la saa saba linamchoma ngozi, na banda lisilovuja, maana msimu wa masika maji hupita moja kwa moja hadi mwilini. Kitulio kisizidi futi moja kutoka chini, hawezi kuruka wala kujishusha vizuri. Maranda ya sakafuni yawe makavu, chakula kisikatike, na mayai yake yaende jikoni.

Na kama bado hujalipa, kamba ya boksi ifunguliwe kwanza, kuku akiwa mkononi mwako, mchana, si saa moja jioni.