Asidi au sindano tupu kwa mandhari ya Kigamboni?

Ukichora kwenye bamba la shaba ili uchape picha kwa wino, asidi inayokula mistari uliyochora hukupa mstari mwembamba, safi, na nakala nyingi. Inafaa anga la asubuhi: shusha upeo wa bahari, theluthi mbili za karatasi ziache wazi.

Sindano tupu, yaani kukwaruza shaba moja kwa moja, ni nafuu zaidi, hununui asidi. Inapokwaruza huinua ukingo wa shaba, ukingo unashika wino, na mstari unatoka na ukungu kama wingu la masika juu ya feri. Huo ndio unaonigusa mimi. Ila baada ya nakala chache ukingo unalala, na ukungu unapotea. Rembrandt, msanii wa Uholanzi, alitumia njia zote mbili katika “Miti Mitatu”, 1643.

Mwenye oda ya nakala 50 ashike asidi. Anayechapa 5 chumbani kusikopita hewa, sindano inamtosha, asije akavuta mvuke wa asidi.