Nilipima bakteria wa tumbo kwenye kambi ya afya Mbagala: yaliyonifurahisha na yaliyoniudhi

Mimi ni muuza supu na chapati, kiungulia kwangu ni mpangaji wa kudumu. Nimetafuna magineziamu na kumeza omeprazoli za duka la dawa mpaka muuzaji akawa ananihudumia kabla sijaomba. Lakini kilichonipeleka kambini hakikuwa kiungulia. Marehemu baba aliugua saratani ya tumbo, na kipaza sauti cha mtaa kilitangaza kwamba wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua hivyo waje bila kukosa.

Kambi ilikuwa kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, bure, na waliohudumia ni madaktari na wauguzi wa kujitolea. Walikuwa wanamtafuta H. pylori, bakteria anayekaa kwenye ukuta wa tumbo. Ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, na tangu 1994 Shirika la Afya Duniani, kupitia wakala wake wa utafiti wa saratani, limemweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Daktari alikazia kwamba wengi walio naye hawatapata saratani kamwe. Nilishukuru alivyolisema hilo mapema, maana kina mama kwenye foleni walishaanza kuagana.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike: kipimo chenyewe. Kwenye maabara za uchochoroni nilikuwa natobolewa kidole, nasubiri kidogo, naambiwa "unao," nauziwa pakiti ya dawa. Nikimaliza dozi na kurudi, kidole kinatobolewa tena, na jibu ni lile lile. Pale kambini nikaelezwa kwamba kipimo cha damu kinaangalia kinga ambayo mwili uliitengeneza, na kinga hiyo yaweza kubaki muda mrefu hata bakteria akiwa ameshakufa. Kwa hiyo huenda nilikuwa nanunua dawa za kumwua marehemu! Wao walipima choo kikubwa, kwa sababu hicho kinaonyesha kama bakteria yupo wakati huo. Kipo pia kipimo cha kupuliza pumzi, ila hawakuja nacho.

Na hapa ndipo waliponiudhi. Ukimeza omeprazoli ndani ya wiki mbili kabla ya kupima, au antibayotiki ndani ya wiki nne, kipimo kinaweza kusema huna kumbe unaye. Kipaza sauti hakikutaja hilo hata mara moja. Watu wametoka Kongowe na nauli zao, wanafika mezani wanaambiwa warudi siku nyingine. Mimi mwenyewe niligeuzwa, nikakaa na kiungulia changu bila dawa mpaka muda ukatimia. Na choo cha pale kilikuwa kimoja, hakina maji, wakati huduma yenyewe inakutaka ulete choo! Muuguzi, binti mdogo mwenye adabu, aliniambia, "Mama, chukua kopo uende nalo nyumbani, asubuhi uniletee." Kopo liliandikwa namba, si jina. Hapo niliwapa heko, maana mtaani kwetu hata kikohozi kina wasimulizi.

Jibu: ninaye. Nikapewa dawa za siku 14: amoksisilini, klarithromaisini na omeprazoli. Mdomo ulikuwa mchungu kama nimelamba betri, tumbo likaendesha siku za mwanzo, na chapati zangu mwenyewe zikanishinda kula. Wiki kadhaa baada ya dozi walinipigia simu nirudi kupima. Hilo sijawahi kufanyiwa kokote. Safari hii sikuwa naye.

Nilimsikia mzee mmoja mbele yangu akisema amepungua mwili na choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Hawakumpa kopo. Walimwandikia rufaa ya Muhimbili siku hiyo hiyo, akapigwe kipimo cha mpira, ule wenye kamera unaoingizwa mdomoni hadi tumboni. Ukiwa na dalili hizo, au unatapika damu, au chakula kinakwama, usisubiri kambi.

Kuna waliobisha foleni nzima kwamba vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Daktari akawasimulia habari za Barry Marshall wa Australia, aliyekunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili aaminiwe, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Shemeji yangu alisema huyo Mzungu alikuwa na mawazo pia.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Wamesema awamu ijayo ni Chamazi. Acheni omeprazoli mapema, na bebeni maji ya kunawa.